Kabla Hujamtafutia Mtoto Msimamizi wa Ubatizo

Mimi ni mama, na ni mwalimu wa mafundisho parokiani. Pasaka ikikaribia, wazazi hunijia na maswali yaleyale: gauni jeupe lishonwe wapi, sherehe ifanyike nyumbani au ukumbini, na msimamizi awe nani. Hilo la mwisho mara nyingi wameshalijibu wenyewe. Ni shemeji mwenye duka, au bosi wa baba, au mjomba aliyeko Ulaya ambaye huenda akasaidia ada. Nawaelewa, maisha ni magumu. Ila naomba, mzazi mwenzangu, kabla hujapiga hiyo simu, ujiulize mtoto wako anakwenda kupewa nini siku ile.

Sikiliza adhimisho lenyewe. Mlangoni padre anauliza mmempa mtoto jina gani, kisha mnaomba nini kwa Kanisa la Mungu. Mnajibu: ubatizo. Anamwandika mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso, halafu anawaita wazazi na wasimamizi wafanye vivyo hivyo, mmoja mmoja, kwa kidole gumba. Maji yanapomiminwa, kinachotajwa ni jina la mtoto, na jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Jina la ukoo halisikiki. Mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa mama lishe wanabatizwa kwa maneno yaleyale, kisha wote wawili wanapakwa krisma, mafuta matakatifu, utosini, ishara kwamba sasa wana sehemu katika Kristo aliye kuhani, nabii na mfalme. Dakika hizo ndizo wazazi wengi wanazipoteza wakihangaika na picha. Muachieni mtu mmoja simu, ninyi shikeni mtoto.

Ukoo haufutwi, wala kabila. Mtoto atabaki Mhaya, Mchaga au Mnyakyusa, na ni vema ajue lugha ya babu yake. Lakini kuanzia hapo kuna kitu kimetangulia. Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba wote waliobatizwa katika Kristo wamemvaa Kristo, na mstari unaofuata hapohapo anasema hakuna Myahudi wala Myunani, mtumwa wala huru. Tunaupenda mstari wa kwanza, tunauimba. Wa pili ndio unaotugharimu.

Uligharimu maisha huko Buta, seminari ndogo iliyoko Bururi, kusini mwa Burundi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, waasi walivamia seminari, wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Vijana wakakataa. Wakauawa 40, wa makabila yote mawili. Mwaka 2019 Kanisa nchini Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenye heri. Kila nikilifundisha hili darasani huwa najiuliza nani aliwafundisha vijana wale kukataa, kwa sababu mtu hajifunzi jambo kama hilo bunduki ikiwa tayari imemwelekea. Walikuwa wamelelewa hivyo, wakisali pamoja na kula meza moja, katika nchi ambayo watu walikuwa wakiuana kwa kabila.

Miaka mitatu tu kabla yake, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, watu waliokimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata waliuawa humohumo ndani, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Maji yalikuwa yaleyale. Ndiyo maana nasema kumpeleka mtoto kwenye kisima cha ubatizo haitoshi. Anahitaji mtu wa kumlea ili undugu ule aliopewa aujue na auzoee, na mtu huyo, pamoja nawe mzazi, ni msimamizi.

Sheria ya Kanisa Katoliki inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Komunyo, aishi maisha yanayolingana na imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Uwezo wa fedha haumo kati ya sifa hizo. Mimi naongeza sifa moja ambayo sheria haidai: ukiweza, mtafute nje ya ukoo wako, na ikiwezekana nje ya kabila lako. Ndugu wa damu mtoto anao tayari, na watakuwa wake hata kama hukuwaomba.

Sisi ni Wahaya. Mama wa ubatizo wa binti yetu ni Mgogo, mwanajumuiya mwenzangu ambaye tulikuwa tukisali naye rozari Oktoba nzima nyumba kwa nyumba. Ndugu zangu walinung'unika, na shangazi mmoja aliuliza kwani kwetu watu wameisha. Leo binti yangu anakula mlenda na ugali wa uwele kuliko ndizi, na akiwa na neno gumu hulipeleka kwa mama yule kwanza. Mama yule alipofiwa na baba yake tulisafiri hadi kijijini kwao Dodoma. Wazee wakamwita binti yangu, wakamkalisha mkekani pamoja na wajukuu wa marehemu, akapangiwa zamu ya kuchota maji kama wenzake. Hakuna aliyeuliza ni mtoto wa kabila gani.

Kuhusu jina, msihangaike kutafuta la Kizungu. Sheria inataka tu lisiwe jina lililo kinyume na maana ya Kikristo. Kizito ni jina la Kiganda. Aliyelibeba alikuwa kijana wa miaka kama 14 katika jumba la Mwanga, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, akabatizwa na Karoli Lwanga usiku mmoja wa Mei 1886 huko Munyonyo, kwa kuwa asubuhi wangepelekwa mbele ya Kabaka na padre hakuwepo. Lwanga mwenyewe alikuwa na miezi sita tu tangu abatizwe. Tarehe 3 Juni wote wawili walichomwa moto Namugongo. Leo wavulana wa Kihehe na Kikamba wanabatizwa kwa jina hilo la Kiganda.

Vijana pia huniuliza kama wabatizwe upya, kwa sababu rafiki amewaambia ule wa utotoni si kitu. Nawaheshimu ndugu zetu wa Kipentekoste wanaofundisha hivyo, lakini jibu langu ni hapana. Waefeso 4:5 inataja ubatizo mmoja. Hata Mlutheri au Mwanglikana anayejiunga nasi habatizwi tena, anaulizwa cheti. Kijana anayehisi imani yake imepoa namshauri aende kitubio, kisha aje Mkesha wa Pasaka, ashike mshumaa wake na kuzirudia ahadi za ubatizo kwa sauti, akijua anachokisema.

Na mjue tarehe. Siku ya kuzaliwa tunaikumbuka wote, ya ubatizo wachache mno. Kama cheti kimepotea, nenda ofisi ya parokia ulikobatizwa, uwe na majina ya wazazi wako, mwaka unaoukisia na jina la kigango chako, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, maana aliyebatizwa kigangoni huandikwa kwenye kitabu cha parokia. Humo utakuta siku yenyewe, aliyekubatiza na msimamizi wako. Pembeni huongezwa Kipaimara na ndoa, kwa hiyo hata ukifungia ndoa Mwanza, taarifa inatakiwa irudi kwenye mstari wako uleule. Ukishaipata, mtafute msimamizi wako kama yu hai. Wengi wao hawajawahi kupigiwa simu kwa sababu hiyo, na watafurahi.