Msaidie Mwanafunzi Aseme Alichokifanya na Alichokiharibu

Ifikapo Novemba, hoteli za Malindi na Watamu zinapojiandaa kupokea wageni wa Desemba, mameneja hupokea barua nyingi za vijana, na nyingi kati ya hizo zina maneno yale yale: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza." Huenda yote ni kweli. Lakini anayeajiri hana la kufanya nayo, kwa sababu anachotafuta ni mtu wa jikoni. Anataka kujua kama kijana huyu amewahi kupikia watu arobaini, alipima mchele kwa kipimo gani, na wali ulipoungua alifanya nini. Habari hizo mwanafunzi anazo, ila hajui kwamba ndizo zinazotakiwa, na kuzitoa ni kazi ya mwalimu au mlezi anayemwandaa.

Sababu moja ya ukimya huo ni malezi. Pwani yetu mtoto hufunzwa asijisifu, na ni adabu njema. Shida ni kwamba mbele ya mwajiri adabu hiyo hugeuka kuwa "nilikuwa nasaidiasaidia tu pale." Mweleze kwamba kutaja kipimo si majivuno. "Mimi ni hodari wa mashine" ni kujisifu. "Nimefungua na kusafisha kabureta ya mashine ya boti ya farasi 40, kwanza fundi akinisimamia, kisha peke yangu" ni taarifa, na mwenye kutaka kuihakikisha anaweza kumuuliza fundi. Vijana wakishaiona tofauti hiyo, ndimi zao hufunguka.

Anzia kwenye daftari la atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, lile linalotiwa sahihi na msimamizi. Wengi hulijaza usiku mmoja mwishoni mwa miezi mitatu, na ndiyo maana kila ukurasa unasema "nilisaidia jikoni." Kama bado yuko kazini, ajaze kila jioni mistari miwili mitatu, yenye idadi. Kama amekwisha maliza, keti naye saa nzima mkaipitie siku moja ya kazi, tangu alipofika mpaka alipotoka. Ulishika nini kwanza? Kwa chombo gani? Vilikuwa vingapi? Nani alikagua? Kuna kitu ulirudishiwa ukifanye upya? Usimuulize "una ujuzi gani," maana swali hilo litamrudisha kwenye uchapakazi. Andika anavyosema, kwa maneno yake, kisha mchague kazi sita au saba zinazohusiana na nafasi anayoiomba.

Kila kazi ipewe mstari mmoja wenye kitendo, kiasi, kifaa na namna ubora ulivyopimwa. "Nilisaidia kwenye boti" inakuwa: "Nilichanganya petroli na oili ya mashine ya mapigo mawili kwa uwiano wa 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa dumu la lita 20, na kila jioni nikaisuuza mashine kwa maji matamu ili chumvi isigande kwenye njia za maji ya kupoza." Nahodha yeyote kuanzia Mokowe hadi Kizingitini akiusoma mstari huo atajua kijana ameshika mashine kweli. Lakini ataje uwiano wa mashine aliyoitumia yeye, kwa sababu si zote zinalingana na anayeuliza huenda anaijua ile mashine. Vivyo hivyo "najua hesabu" inakuwa: "Kila jioni nililinganisha daftari la mauzo na taarifa ya M-Pesa na pesa taslimu, na tofauti ikizidi shilingi 50 niliandika sababu yake." Aliyefanya kazi bandani kwa wavuvi aseme alipanga samaki na barafu kilo kwa kilo, tabaka kwa tabaka, na jinsi alivyotoa maji ya barafu iliyoyeyuka.

Malindi kuna jambo la kuangalia zaidi, nalo ni lugha. Kijana akiandika "najua Kiitaliano," kuna mameneja watakaokigeukia Kiitaliano papo hapo, naye akikwama, hata yale ya kweli aliyoyaandika yatatiliwa shaka. Aandike anachokiweza: kupokea oda ya chakula, kutaja bei, kumwelekeza mgeni njia. Kama hawezi kuandika barua kwa lugha hiyo, asidai kwamba anaweza.

Ujuzi wa nyumbani nao usiachwe. Kijana wa Matondoni aliyekua akishika tezo na kukalafati mashua kwa pamba mara nyingi hauandiki kwa sababu hakuusomea chuoni. Uandikwe, pamoja na aina ya chombo, sehemu aliyoifanya mwenyewe na fundi aliyemfunza. Fani nyingi za ufundi zina mtihani wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, daraja la tatu, la pili na la kwanza, na aliyejifunza kwa mikono anaweza kuomba kutahiniwa. Cheti cha daraja la tatu mkononi kinaondoa maswali mengi.

Sasa makosa, na hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Swali huja kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: tueleze siku uliyokosea. Wapo wanaojibu "sijawahi," na hakuna anayewaamini. Wapo wanaotaja sifa wakaiita udhaifu: "Mimi hufanya kazi kupita kiasi." Wengine humtupia lawama msimamizi ambaye hakuwaelekeza. Na huku kwetu lipo jibu la nne, "haikuwa riziki." Imani hiyo haina ubaya na usimvunje moyo kwayo. Ila mwajiri anauliza juu ya sehemu iliyokuwa mikononi mwake, na mtu anaweza kuamini kudra na bado akasema ni kitu gani aliacha kukiangalia.

Mwajiri anapima muda uliopita tangu mfanyakazi alipoliona kosa mpaka alipolisema. Nyama iliyoachwa nje ya friji ikitajwa asubuhi hutupwa, na hasara ni ya nyama tu. Ikifichwa, jioni kuna wageni wagonjwa. Kwenye boti na jikoni ni hivyo, na kule Kililana pia, ambako tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021 vijana wengi wanatamani kazi. Hakuna msimamizi wa mizigo anayetaka mtu wa kuficha kamba iliyochakaa.

Msaidie kuchagua kosa la ukubwa wa kati, lililoleta hasara inayoonekana, lililofanywa na mkono wake na ambalo limekwisha rekebishwa. Kuchelewa dakika tano ni dogo mno. Ugomvi, wizi au siri ya mgeni si vya kusimuliwa pale. Kisha sikiliza vitenzi vyake. Akisema "mashine iliharibika," "pesa zilipotea," "mafuta yalimwagika," mwenye kutenda ametoweka. Mrudishe: nani hakuangalia? Nani hakuhesabu? Jibu zima lisizidi dakika moja na nusu, na linaweza kuwa hivi:

"Nilikuwa msaidizi wa nahodha, tukiwarudisha wageni Shela kutoka Manda. Nilipowasha mashine sikuangalia kama maji ya kupoza yanatoka, na mfuko wa plastiki ulikuwa umeziba tundu la kunyonya maji. Nilisikia sauti ya mashine ikibadilika, nikaizima na kumwambia nahodha pale pale kwamba sikuyaangalia maji. Tulivutwa na boti nyingine, wageni wakachelewa, na safari ya jioni ikafutwa. Tangu siku hiyo nikishawasha mashine nayatazama maji nikihesabu hadi kumi kabla sijafungua kamba, na msaidizi aliyekuja baada yangu nimemfunza hivyo hivyo."

Mwajiri ataikumbuka sentensi ya mwisho, kwa sababu inataja kitendo anachoweza kukiona siku ya kwanza ya kazi. "Nilijifunza kuwa makini" hakionekani popote. Mwanafunzi akikosa sentensi ya namna hiyo, basi kosa hilo bado hajalirekebisha, na mchague jingine.

Si kila jambo chungu ni kosa lake. Aliyekatiza masomo kwa kufiwa au kwa maradhi hakushindwa, wala msichana aliyeondoka kwenye mafunzo kwa sababu msimamizi alimsumbua. Usimlazimishe kuyasimulia. Akiulizwa, yatosha kusema, "Mazingira hayakuwa salama, nikahamia mahali pengine na kumaliza huko." Asiongeze neno.

Pengo la Aprili hadi Juni huwatia vijana hofu bure. Mvua za masika na upepo wa kusi hupunguza wageni, na hoteli kadhaa hufunga. Aandike "mkataba wa msimu, Julai hadi Machi," na mwajiri wa huku ataelewa. Alama mbaya ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, haina haja ya kutangazwa asipoulizwa. Akiulizwa aitaje ilivyo, kisha aseme alichofaulu baadaye katika fani hiyo. Asibadilishe hata herufi moja ya cheti, maana kughushi ni jinai.

Mazoezi yaanze kwa lugha ya nyumbani, iwe Kiamu, Kigiriama au Kiswahili cha kawaida, mpaka mambo yakae kwa mpangilio kichwani. Kama mahojiano yatakuwa ya Kiingereza, kama ilivyo mara nyingi kwenye kaunti na kampuni kubwa, ndipo ayahamishie huko kwa sentensi fupi. Anayeanza na Kiingereza hukariri, na akiulizwa swali la pembeni hana pa kushika. Kwa hiyo muulize ya pembeni kila mara: nani alikuwepo, hasara ilikuwa kiasi gani, na kosa hilo likitokea tena leo utafanya nini kwanza? Wala usimwandikie wewe. Ulimi wa mwalimu hujulikana mara moja.

Yabaki ya ushahidi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inampa mfanyakazi aliyetumikia angalau wiki nne mfululizo haki ya cheti cha utumishi anapoondoka. Cheti hicho hutaja kazi aliyoifanya, mahali na tarehe, lakini mwajiri halazimiki kuandika sifa zake. Wa atachimenti huenda asikipate, hivyo aombe barua ya msimamizi kabla ya wiki ya mwisho, wakati bado anakumbukwa.

Sifa zitatoka kwa mdhamini, na Lamu ni mji mdogo: meneja wa Shela humpigia simu mtu wa Langoni kabla kijana hajapanda boti ya kurudi nyumbani. Mdhamini aombwe ruhusa kwanza, kisha apewe ukurasa wenye zile kazi sita au saba na lile kosa moja, siku tatu kabla ya mahojiano, na kijana amuulize, "Bwana, hivi ndivyo ilivyokuwa?" Nahodha akisema wageni walingoja saa nzima, na kijana ameandika nusu saa, ukurasa urekebishwe siku hiyo hiyo.