Kilengeo cha Nyuma Kisifanane na Bastola: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Wewe unayeanza kazi katika karakana ya silaha utakutana mapema na mteja mwenye rivolva ya chuma kisichoshika kutu, ambaye atakuomba kilengeo cha nyuma kiwe na rangi ya fedha kama fremu, ili silaha nzima ipendeze kwa kulandana. Mimi nilipoanza kazi hii katika jimbo la Ohio nililitimiza ombi hilo bila kuuliza neno: nilikisugua kibamba cha kilengeo, yaani kile kipande chembamba chenye pengo la kulengea, hadi kikang'aa, na mteja akaondoka amefurahi. Baada ya wiki mbili alirudi akiwa na karatasi za shabaha. Katika uwanja unaoelekea kaskazini, risasi zake za asubuhi zilikuwa zimehamia upande mmoja na zile za alasiri upande wa pili, wakati hakugusa skrubu yoyote. Jua ndilo lililokuwa limehama.

Tangu siku hiyo ninaamini kwamba kilengeo cha nyuma ndicho kipande pekee cha rivolva nyeupe kisichopaswa kufanana na vingine. Kazi ya jicho ni kuiweka ncha ya kilengeo cha mbele katikati ya pengo la kibamba, huku mipasuko miwili ya mwanga, kushoto na kulia, ikiwa sawa. Ukingo mmoja ukimeta, jicho huuona mpasuko wa upande huo kuwa mpana kuliko ulivyo, na mkono hurekebisha kosa ambalo halipo. Fanya hesabu mwenyewe: ikiwa umbali kati ya vilengeo viwili ni milimita 190, kosa la robo milimita kwenye pengo huisogeza risasi zaidi ya sentimita 3 kwenye shabaha iliyo mita 25 mbele.

Watengenezaji wenyewe walilipitia jambo hili. Smith & Wesson walipotoa Model 60 mwaka 1965, pengo la nyuma lilikuwa mfereji uliochongwa ndani ya fremu, kwa hiyo rangi yake ilikuwa ya fremu tu. Model 66 za mwanzo, katika miaka ya 1970, zilikuwa na kilengeo cheupe kinachorekebishika, kisha kikabadilishwa kuwa cheusi, na weusi huo ndio unaouona leo kwenye rivolva nyingi za aina hiyo.

Pendekeza, basi, weusi usiong'aa, lakini kabla ya kuchagua njia ya kuupata ujue kibamba kimetengenezwa kwa chuma gani. Weusi wa chumvi za moto, unaopikwa kwa magadi makali kwenye joto la takriban nyuzi 140 za Selsiasi, hushika vizuri kwenye chuma cha kaboni, na ni mwembamba kiasi kwamba vipimo havibadiliki. Chuma kisichoshika kutu huukataa, kwa sababu kromiamu yake, ambayo haipungui asilimia 10.5, hukijengea ngozi inayozuia kutu na dawa vilevile. Alumini nayo huliwa kabisa na chumvi hizo. Usiitegemee sumaku kukujulisha, kwa kuwa vyuma vingi visivyoshika kutu vinavyotumika katika silaha huvutwa nayo. Tone la dawa baridi ya kutia weusi, likiwekwa mahali pasipoonekana, litakupa jibu kwa uhakika zaidi.

Kibamba kikiwa cha chuma kisichoshika kutu, ninashauri kipigwe mchanga wa oksidi ya alumini, kisha kipuliziwe mpako wa kauri unaookwa kwenye tanuri. Hapa wanafunzi wengi hukosea: mpako huo una unene wa takriban maikromita 25, kwa hiyo pengo hupungua kutoka pande zote mbili, na kibamba kinaweza kukwama kwenye njia yake. Ziba mashimo ya skrubu na sehemu zinazotelezeana kabla ya kupulizia. Fremu usiiguse hata kidogo, na usianze chochote kabla ya kuifungua silinda na kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba matundu yote ni matupu.

Mstari mweupe ambao vilengeo vingine huwa nao kuzunguka pengo unamfaa anayelenga haraka kwenye mwanga hafifu. Kwa mlengaji wa shabaha za karatasi mimi siuweki.

Siku ya kumkabidhi mteja silaha, mweleze kwamba kibamba cha chuma cha kaboni kitashika kutu kwa jasho hata kama fremu haishiki, na kwamba kukutana kwa vyuma hivyo viwili penye unyevu wa chumvi huiharakisha kutu hiyo. Akifute kwa mafuta mepesi kila anaporudi kutoka uwanjani, na kabla ya kulenga tena aukaushe uso wa nyuma kwa kitambaa, kwa maana mafuta nayo humeta juani.