Biko hakupoteza maisha

Mwalimu mmoja wa Kisauni ameniuliza. Darasa lake lilitazama filamu ya Cry Freedom, ya mwaka 1987, kisha mwanafunzi akaandika kuwa Steve Biko, mpinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, "aliuawa". Mwalimu mwenzake akalipiga mstari neno hilo, juu yake akaandika "alipoteza maisha", eti ndiyo lugha ya adabu. Nani amepatia?

Mwanafunzi. Na mstari ule umenichoma, maana msemo huo nimegombana nao miaka mingi.

Kitazameni kitenzi chenyewe. Kupotea hukupata, kupoteza hufanya wewe. Mtoto akitumwa Marikiti na shilingi mia, akarudi mikono mitupu, mamake humuuliza, "Umezipoteza wapi?" Lawama ni ya mtoto. Haya, mwekeni Biko mahali pa mtoto huyo. Alikamatwa Agosti 1977, akaumizwa ubongo kizuizini, akalazwa uchi nyuma ya gari la polisi, akasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, akafa Septemba 12. Alikuwa na miaka 30. Aliyapoteza wapi?

Waziri wa polisi alitaja mgomo wa kula kuwa sababu ya kifo. Donald Woods, mhariri wa gazeti la Daily Dispatch, alikwenda na mjane kuutazama mwili, akakataa kulimeza neno hilo. Serikali ikampiga marufuku kuandika. Filamu inapokwisha hupita majina ya waliofia kizuizini, kila jina na sababu iliyotolewa rasmi: alijinyonga, aliteleza bafuni, alianguka ngazini. Vitenzi vyote hivyo humtwika maiti kifo chake mwenyewe. "Alipoteza maisha" ni ndugu yao.

"Kufariki" tumelitoa kwenye Kiarabu, maana yake kuachana. Ni neno la heshima, ndilo la tanzia zetu hapa Mombasa, na linamfaa mzee aliyefia kitandani pake. Ukitaka kutaja mahali, sema "alifia kizuizini". Ile -i- ndogo yatosha. Lakini "aliuawa" ndilo linalomfanya msikiaji aulize: na nani? Swali hilo ndilo filamu nzima.

Watangazaji wakisema abiria wa matatu wamepoteza maisha, nimechoka kubishana nao. Daftari la mwanafunzi siliachi. Mwalimu, mrudishie neno lake, na alama zake pia.