Maswali na Majibu: Kususa, Kimya na Filamu za Kifilipino

Mwezi huu zimekuja barua tatu zinazogusa jambo moja, moja kutoka Bagamoyo na mbili kutoka Tanga. Nimeona nizijibu kwa pamoja, kwa kuwa jibu la moja linamfaa na mwenzake.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho hapa Bagamoyo. Tumepewa kazi ya kuchambua uhusiano wa wahusika katika filamu ya nje kwa kutumia nadharia za mawasiliano, nami nikachagua filamu za Ufilipino kwa sababu nyumbani tumekua tukitazama tamthilia za huko. Niliandika kurasa 11 na kutumia nadharia 6, lakini mkufunzi amenirudishia kazi akisema nimebandika majina ya nadharia juu ya hadithi kama karatasi za bei dukani. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Dunda, Bagamoyo)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkufunzi wako hakukuonea. Nadharia 6 katika kurasa 11 ni wageni wengi mno kwa mkeka mmoja, na hakuna hata mmoja atakayepata nafasi ya kunyoosha miguu. Lakini idadi si kosa lenyewe. Kosa ni kuichukua nadharia kama jina la kitu, ilhali nadharia ni dai. Inasema kwamba watu wakifanya hivi, kwa kawaida hufuata hivi. Dai huweza kukubaliwa na tukio lililo mbele yako, na huweza pia kukataliwa, na uchambuzi unaanza pale unapomruhusu mhusika abishane nalo.

Chukua filamu ya That Thing Called Tadhana ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Antoinette Jadaone. Mwanamke aitwaye Mace amekwama katika uwanja wa ndege wa Roma kwa sababu mizigo yake imezidi uzito, na moyo wake umevunjwa na mpenzi. Anthony, mwanamume asiyemjua kabisa, anajitolea kuchukua sehemu ya mizigo hiyo, na kuanzia hapo wawili hao wanafuatana hadi Manila, kisha Baguio, kisha milima ya Sagada. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba hapa inaonekana nadharia ya upenyo wa kijamii, ile iliyotolewa na Irwin Altman na Dalmas Taylor mwaka 1973, inayomfananisha mtu na kitunguu chenye maganda na kudai kwamba watu hukaribiana kidogo kidogo, kutoka mazungumzo ya juu juu hadi ya ndani, kila mmoja akifungua ganda lake kadiri mwenzake anavyofungua la kwake. Ataweka nukta na kuhamia nadharia nyingine.

Wewe usihame. Jiulize kama kweli Mace anamenya kitunguu ganda kwa ganda. Hamenyi. Anamwaga ya moyoni mapema mno, mbele ya mtu ambaye hata hajui anakokaa. Je, nadharia imeshindwa? Si lazima, kwa sababu watafiti waliliona jambo hili zamani: mtu humweleza mgeni mambo ambayo hamwambii ndugu yake, kwa kuwa mgeni ataondoka nayo. Mmarekani Zick Rubin alichapisha mwaka 1975 utafiti wa jinsi watu wasiojuana wanavyofunuliana siri, na majaribio yenyewe aliyafanya kwenye kumbi za kusubiri ndege, kana kwamba aliiona filamu hii miaka 39 kabla haijatengenezwa. Swali lako la kweli basi ni hili: ni wakati gani Anthony anaacha kuwa mgeni, na Mace anafanya nini akigundua kwamba mtu aliyemwachia siri zake hataondoka tena? Hapo una kurasa 11 bila kuhitaji nadharia ya pili. Zaidi ya hayo, unaweza kuonyesha kwamba mzigo uliohamishwa uwanjani kutoka sanduku la mmoja kwenda la mwingine ulikuwa kauli ya kwanza kati yao, iliyotangulia maneno yoyote ya maana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo lenye utajiri kwa mtu wa Pwani, nalo ni kimya.

Mark Knapp alipendekeza mwaka 1978 kwamba uhusiano hupita hatua 10, tano za kukaribiana na tano za kuachana. Katika zile za kuachana, watu huanza kusisitiza tofauti zao, kisha hupunguza mazungumzo, kisha uhusiano hudumaa, kisha hukwepana, mwisho hutengana. Utaona kwamba katika ngazi hiyo kimya ni dalili ya ugonjwa. Lakini Wafilipino wana neno tampo, ambalo waandishi wengi huhangaika kulieleza kwa Kiingereza kwa aya nzima, na sisi tunalo kwa neno moja: kususa. Aliyeumizwa na mtu wa karibu halalamiki, bali hujitenga, hupunguza maneno, hukataa chakula, na anasubiri kubembelezwa. Kubembeleza huko nako kuna jina lake kwao, suyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtu hamsusii asiyemjua. Mtoto hususa wali kwa mama yake kwa kuwa ana hakika mama atamfuata na sahani. Kimya cha aina hii kinadai ukaribu, na anayekisoma kwa ngazi ya Knapp ataandika kwamba uhusiano unakufa wakati ndio kwanza unaidai haki yake.

Itazame kwa jicho hilo One More Chance ya mwaka 2007, ya mwongozaji Cathy Garcia-Molina. Popoy na Basha, walioigizwa na John Lloyd Cruz na Bea Alonzo, wamependana miaka 5. Popoy ni mtu wa mipango, naye amempangia Basha mambo mengi hadi mwanamke anahisi hana pumzi, na siku Basha anapoomba waachane, Popoy anashtuka kama aliyepigwa na jambo lisilo na mwanzo. Watu wengi huichambua filamu hii kwa nadharia ya Leslie Baxter na Barbara Montgomery kuhusu mivutano ya ndani ya mahusiano, hasa mvutano kati ya kutaka kuwa pamoja na kutaka kuwa huru, na wanafanya vizuri. Mimi ningeongeza kwamba ugomvi wa filamu hii uko juu ya tafsiri ya kimya. Popoy anabembeleza kama mtu aliyesusiwa, kumbe ameachwa. Ngazi ya Knapp na desturi ya tampo zinagombania tukio lile lile, na msiba wa Popoy ni kwamba anatumia ufunguo wa desturi kwenye mlango ambao safari hii umefungwa kwa kweli.

Tahadhari moja, maana vijana hupenda kukimbilia huko. Usiandike kwamba Wafilipino wako hivi na Waswahili wako vile. Ufilipino ina visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100. Mwanasaikolojia wao, Virgilio Enriquez, aliyeanzisha katika miaka ya 1970 mkondo uitwao Sikolohiyang Pilipino, alilalamika kwamba wataalamu walioelimishwa kwa mtazamo wa kigeni walizichukua tabia kama hiya, yaani haya, na utang na loob, yaani deni la fadhila, wakazieleza kama kasoro za watu wasiojiamini. Yeye aliweka katikati neno kapwa, ambalo ningelitafsiri kwa mwenzangu: mtu mwingine ambaye hata hivyo si mwingine kwangu. (Hiya na haya zinafanana masikioni, lakini neno letu tumelitoa katika Kiarabu, kwa hiyo usijenge hoja juu ya mfanano huo.) Muhali wetu, ule unaomfanya mtu akubali jambo asilolitaka kwa kuwa anamwonea mwenzake soni, utakusaidia kuona tukio. Hautakusaidia kulithibitisha. Ushahidi uko kwenye filamu.

Chagua basi uhusiano mmoja, dai moja, na matukio mawili au matatu. Tazama kila tukio mara moja ukiwa umezima sauti. Kisha andika kile ambacho kila mhusika alikuwa anakijua wakati ule, wala si kile ambacho wewe umekijua baada ya mwisho.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Mimi nimefanya kazi za ndani Muscat miaka 6 na nimerudi Tanga mwaka jana. Kijana wa mtaani alituwekea filamu ya Kifilipino ya mama aliyerudi kutoka Hong Kong akakuta watoto hawamtaki. Nililia sana. Binti yangu mkubwa aliitazama pamoja nami hadi mwisho, asiseme neno. Hao wataalamu wa mawasiliano wanasemaje juu ya mama na binti wa namna ile? Maana pesa nilituma kila mwezi. (Mama wa Ngamiani, Tanga)

JIBU: Dada yangu, pole kwa kazi na hongera kwa kurudi salama. Filamu uliyoitazama bila shaka ni Anak, ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Rory Quintos. Anak kwa Kitagalogi ni mtoto. Vilma Santos ni Josie, mama aliyekuwa mtumishi wa ndani Hong Kong, na Claudine Barretto ni Carla, bintiye mkubwa, anayempokea kwa ubaridi. Huko kwao hadithi hii ni ya taifa zima, kwa kuwa tangu sheria ya kazi ya mwaka 1974 serikali yenyewe iliweka utaratibu wa kupeleka wafanyakazi nje, na vizazi vya watoto vimelelewa na bibi, shangazi na pesa zilizotumwa.

Watu watatu, Paul Watzlawick, Janet Beavin na Don Jackson, waliandika mwaka 1967 kwamba kila ujumbe una sehemu mbili: habari yenyewe, na kauli juu ya uhusiano wa wanaowasiliana. Pesa ya Josie inasema kwa habari yake kwamba hii ni ada, huu ni mchele. Juu ya uhusiano, yeye anaamini inasema kwamba ninawapenda hadi kujitesa. Carla amesikia kitu kingine, kwamba mama anaweza kuwekwa ndani ya bahasha. Na baba alipofariki, Josie hakurudi kuzika, na binti akaisoma nafasi ile tupu kama jibu. Hakuna kati yao aliyesema uongo. Wamesoma sehemu mbili tofauti za ujumbe mmoja.

Wataalamu hao wanaongeza jambo ambalo kwangu ndilo linalogusa zaidi katika filamu hii: kila mgomvi huanza hadithi mahali pake. Josie huanzia kwenye umaskini, ndipo akaondoka, ndipo watoto wakapotoka bila shukrani. Carla huanzia kwenye kuondoka, na yote aliyoyafanya baadaye anayaona kuwa majibu tu. Kila mmoja anajiona anajibu, na kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Kwa sababu hiyo maelezo ya Josie hayaingii, hata yakiwa ya kweli, kwa kuwa yanaanza baada au kabla ya pale binti anapohesabu moja. Na deni la fadhila linazidisha uzito: mama akilitaja deni, mtoto anakuwa mdaiwa, na mdaiwa hukwepa njia ya anayemdai.

Mimi si mshauri wa familia, na ningependa kubaki kwenye filamu. Ila watu wale wale watatu waliandika pia kwamba haiwezekani mtu asiwasiliane, kwa kuwa hata kukaa kimya ni kusema. Umesema binti yako hakutamka neno. Umesema pia kwamba alitazama hadi mwisho, karibu nawe, na hakunyanyuka.

SWALI: Mwalimu, sisi huku Makorora filamu hizi tunazitazama kwenye kibanda umiza zikiwa na sauti ya mtafsiri juu yake. Je, tunaweza kuchambua mawasiliano ya wahusika kwa namna hiyo, au tunajidanganya? (Mpenzi wa filamu, Tanga)

JIBU: Mnaweza, lakini mjue mnachokikosa. Mtafsiri huwapa habari, na mara nyingi hutia na chumvi yake, ambayo nakiri huwa tamu kuliko filamu yenyewe. Kinachopotea ni heshima iliyosokotwa ndani ya sentensi. Katika Kitagalogi, anayezungumza na mkubwa hupachika neno fupi, po, na huitikia opo badala ya oo. Dada mkubwa huitwa ate, na kaka mkubwa kuya. Penelope Brown na Stephen Levinson, ambao nadharia yao ya adabu ilitoka mwaka 1978, walieleza kwamba maneno ya namna hii hulinda uso wa msikilizaji, yaani hadhi anayotaka watu waione. Kwa hiyo yakiondolewa ghafla, uso umevuliwa nguo, kama vile kijana wetu anapompita mjomba wake bila shikamoo. Mtafsiri hawezi kuyaleta hayo kwa Kiswahili bila kukatiza hadithi, naye ana sekunde chache tu.

Mwombeni mwenye kibanda awawekee tukio moja la ugomvi wa mzazi na mtoto bila sauti ya mtafsiri. Hamtaelewa maneno, lakini mtazisikia zile po zikiwa nyingi mwanzoni, na sikio likitulia mtasikia pia zilipokoma. Kisha rudisheni nyuma kidogo mtazame ni nani, kwa wakati ule, alikuwa ameketi na ni nani alikuwa amesimama.