Mgawanyo wa binomia: soma swali kabla ya kugusa kikokotoo

Kwa wanafunzi wanaokuja kuuliza kwa nini jibu lao la binomia (uwezekano wa kupata idadi fulani ya mafanikio katika majaribio kadhaa) halifanani na la kitabu, karibu kila mara kikokotoo kimehesabu sawasawa. Kilichokosewa ni kile walichokiambia kihesabu. Kwa hiyo wewe unayeanza, chukua kwanza kalamu na karatasi.

Tuseme mtihani una maswali 20, kila moja lina majibu manne ya kuchagua, na mtahiniwa anabahatisha yote. Hapa n, idadi ya majaribio, ni 20, na p, uwezekano wa kupata katika jaribio moja, ni 0.25. Hakikisha idadi ya majaribio imewekwa tangu mwanzo, kila jaribio lina matokeo mawili tu (kupata au kukosa), p haibadiliki, na jaribio moja haliathiri jingine. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika sana. Ukichomoa karata bila kuzirudisha, p inabadilika kila mara, na binomia haikufai tena.

Kisha kadiria. Wastani ni np, yaani 5. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika kuzunguka wastani, ni kipeuo cha pili cha np(1 − p), takriban 1.94. Tayari unajua kwamba kwenye grafu, nguzo ndefu (zinazoonyesha uwezekano wa kila idadi) zitakuwa karibu na 5, na kwamba kupata 10 kwa kubahatisha ni jambo la nadra. Kikokotoo kikikupa 0.6 kwa swali la “angalau 10”, utashtuka papo hapo, na mshtuko huo una faida kuliko fomula yoyote.

Sasa maneno yenyewe. “Angalau 10” inajumuisha 10. “Zaidi ya 10” haiijumuishi. Uwezekano wa kupata angalau 10 ni 1 kutoa uwezekano wa kupata 9 au pungufu: 1 − 0.9861 = 0.0139. Ukitoa kwa kutumia 10 badala ya 9, unapata 0.0039, jibu la swali jingine kabisa. Vivyo hivyo, kuanzia 3 hadi 7, zote mbili zikiwemo, unatoa limbikizo la 2 (uwezekano wa kupata 2 au pungufu) kwenye limbikizo la 7: 0.8982 − 0.0913 = 0.8069. Andika ukosefu wa usawa kwa alama zake (kwa mfano X ≥ 10, X ikiwa idadi ya majibu sahihi) kabla ya kuandika namba yoyote kwenye kisanduku.

Ukitumia Desmos, kikokotoo cha grafu cha mtandaoni, andika binomialdist(20, 0.25). Huenda usione kitu, kwa sababu nguzo ndefu kuliko zote inafika 0.2 tu wakati mhimili wima unaonyesha hadi 10, hivyo nguzo zimelala chini. Weka mhimili mlalo kuanzia −1 hadi 21 na wima kuanzia 0 hadi 0.25. Ukichagua uwezekano limbikizi na kuweka mipaka, sehemu husika ya grafu inatiwa rangi. Itazame. Kama nguzo ya 10 inapaswa kuwemo na haina rangi, umeshagundua kosa bila kusubiri msahihishaji.

Ukikutana na kikokotoo usichokijua, kipime kwa n = 2 na p = 0.5, ambapo majibu unayajua kichwani: 0.25, 0.5, 0.25. Kiulize uwezekano wa 1 au pungufu. Kikisema 0.75, mpaka unahesabiwa ndani, kikisema 0.25, mpaka umeachwa nje. Inachukua nusu dakika, nami nashauri kila mtu afanye hivyo.

Mambo madogo mawili. Andika p kama desimali, isipokuwa pale kikokotoo kinapodai asilimia. Na ukiuliza uwezekano wa kupata yote 20, utaona kitu kama 9.09E-13. Hiyo si 9. Ni 9.09 iliyogawanywa kwa 10 mara kumi na tatu, na uwezekano wowote unaozidi 1 ni dalili kwamba hukusoma mkia wa namba.