Gereji ya Wasomaji: 109 ya babu na ndoo ya bolti

Shikamoo Fundi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mafinga, nina miaka 28. Babu alipofariki alituachia Land Rover 109 pikapu, Series III ya mwaka 1976, ya petroli. Imekaa miaka 11 juu ya mawe chini ya mparachichi, na kuku wanatagia ndani. Mimi sijawahi kufungua gari, nimeishia kubadilisha tairi tu. Likizo ya Juni nikaanza: nimeshatoa boneti, madigadi ya mbele, milango na viti. Rangi nimenunua, kijani ileile ya babu. Sasa nimekwama. Injini haizunguki hata kwa hendeli. Fundi wa mtaani anasema tuivute kwa trekta ikiwa kwenye gia, na ikikataa tuitupe tuweke injini ya Toyota. Breki nazo, pedali inazama hadi chini. Nina laki tisa mkononi, nyingine nitadunduliza kwenye mshahara. Nianzie wapi?

Mjukuu, Mafinga

Marahaba mwalimu, na pole kwa kuondokewa na babu.

Kabla ya injini nataka kujua bolti za madigadi umeziweka wapi. Hukuandika, ila nakisia: zote zimo kwenye ndoo moja, pamoja na za milango na za viti. Land Rover inafunguka kirahisi mno, kijana na spana mbili anaimaliza Jumamosi na Jumapili, na ndiyo sababu nyingi zimefia zikiwa zimefunguliwa. Nimeitwa kwenye nyua za watu nikaone "gari linalotengenezwa", nikakuta chesisi, magunia matatu, na mwenye gari hakumbuki hata gunia lipi lilianza. Kwa hiyo acha kufungua. Usitoe hata skrubu nyingine moja. Tafuta makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na sehemu yake, na ndani weka karatasi uliyoandika kwa penseli, maana wino na oili havipatani. Kuanzia sasa, kila unachotoa kipige picha kwanza kikiwa mahali pake. Simu yako ndiyo mwanafunzi wako wa gereji, itakumbuka usichokumbuka.

Halafu angalia spana zako. Bolti nyingi za gari hilo ni za inchi. Vijana wetu wanachukua namba 13 wanaivalisha kwenye bolti ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7. Kwenye bolti mpya inashika. Kwenye bolti iliyolala miaka 11 inateleza, kichwa kinakuwa duara, na hapo unahamia kwenye patasi na matusi. Nunua seti ndogo ya spana za inchi: 7/16, 1/2, 9/16 na 5/8 zitakubeba mbali. Ni sehemu ya laki tisa ambayo hutaijutia.

Sasa chukua nyundo ndogo uingie chini ya gari, ukiwa umevaa miwani, kwa sababu utakachogonga kitakudondokea machoni. Bodi ni ya alumini, lakini chesisi ni chuma, tena ni boksi, iko wazi ndani. Tope la miaka ya babu limo humo, linashika maji na kuila kutoka ndani huku nje inapendeza. Gonga kila sentimita kumi. Chuma kizima kinalia kama kengele ya shule, kilichooza kinakujibu kama boga. Kaa sana kwenye boriti ya nyuma inayofungiwa ndoano ya trela, kwenye masikio ya springi, kwenye mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, na chini ya ule ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, pale miguu inapokaa. Nyundo ikipita karibu na springi, basi pesa yako imeshapata kazi. Mwambie mchomeleaji akate hadi kwenye chuma kizima ndipo aweke kiraka. Akibandika bati juu ya kutu, mtaonana tena mwaka ujao.

Injini. Mwambie fundi wa mtaani, kwa heshima zote, trekta likalime. Injini iliyokaa hivyo mara nyingi ringi za pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu nyembamba, au valvu moja mbili zimeganda. Ukiivuta kwa nguvu ya trekta, kitu kitaachia kweli, ila hujui kipi: ringi inakatika, fito za valvu zinapinda, na injini iliyokuwa inahitaji uvumilivu sasa inahitaji mashine shop.

Toa plagi zote nne. Mimina kila silinda vijiko viwili vya chakula vya dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya gia boksi ya otomatiki. Ziba kwa vitambaa, nenda kafundishe. Kila jioni angalia, ikishuka ongeza. Baada ya wiki gia ikiwa huru, ingiza hendeli na usilazimishe: sukuma kidogo, rudisha kidogo, kama unamtikisa mtu aliyelala. Siku ya kwanza huenda usipate kitu. Siku ya nne unaweza kuhisi imesogea upana wa ukucha, na mwalimu, nakuhakikishia utaita watu wa nyumbani. Ikishaanza kuzunguka, fungua kifuniko cha juu cha valvu, zungusha polepole na uangalie kila valvu inaposhuka kama inarudi yenyewe. Ile isiyorudi ipe dizeli na subira.

Kuhusu hendeli: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe kwenye mshiko, na uvute kwenda juu badala ya kukandamiza kwenda chini. Siku injini itakapopiga teke, hendeli itaruka na mkono wako utabaki salama. Mimi gumba langu la kulia halikunji vizuri mpaka leo.

Usiiwashe bado. Mwaga oili ya zamani, weka mpya na filta mpya. Zungusha na stata bila plagi hadi taa ya oili izime. Mpango wa kuchoma, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2, na uwazi wa valvu zote nane ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Petroli ya babu iliyobaki kwenye tangi chini ya kiti si petroli tena, ni gundi, imwage mbali na jiko na mbali na kuku. Kama tangi lina tundu, usimruhusu mtu yeyote kulichomelea, hata akikwambia ameliosha kwa sabuni. Mvuke unabaki na mvuke ndio unaolipuka. Tafuta tangi lingine.

Nimezungumza injini kwa sababu ndiyo uliyouliza kwanza, lakini ningekuwa wewe ningeanza na breki. Gari lisilowaka halimuui mtu.

Mwaka 1981 nilikuwa kijana wa gereji ya misheni kule Songea. Tulikuwa tunarudi kutoka Njombe na 109 kama hiyo yako, imejaa viazi. Kabla ya kuondoka niliona mafuta ya breki yamepungua, kopo lake halikuonekana, nikajaza oili ya injini. Nilijiambia oili ni oili. Tulipoanza kushuka Lukumburu, breki zikawa zinashika zenyewe na haziachii. Dereva akadhani ni mzigo. Kisha ikaja ile harufu ya lainingi kuungua, halafu moshi kwenye magurudumu ya mbele. Tuliposimama nilitemea mate dramu, yakaruka yakichemka kama mafuta ya maandazi. Dereva, mtu mzima mpole, hakusema neno. Alisubiri ipoe, akalegeza nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye gurudumu, ili presha itoke, akavuta lever nyekundu ya gia nzito, tukashuka gia ya kwanza nzito hadi chini, tukitembea kama mazishi. Kesho yake nilifungua masta silinda mwenyewe. Vikombe vya raba vilikuwa vimevimba kama vitumbua, vimeziba kitundu cha kurudishia mafuta. Oili ya madini na raba ya breki ni maadui. Nililipishwa raba zote kutoka kwenye mshahara wangu, na ilikuwa haki.

Kwako sasa, pedali kuzama baada ya miaka 11 maana yake kuna raba zimekauka na mafuta yametoka. Usitafute ni silinda ipi iliyo mbovu. 109 ina silinda sita magurudumuni, mbele mbilimbili na nyuma mojamoja, zote zina umri mmoja. Badilisha vikombe vyote, au silinda nzima kama ndani kuna vidonda vya kutu, na hosi zote tatu za raba, mbili mbele na moja nyuma. Mafuta ya breki yawe DOT 3 au DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa. Ukitoa dramu, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa: lainingi za zamani zina asbesto, na mapafu hayana spea. Lowesha kwa maji, futa kwa tambara, tupa tambara. Kutoa upepo anza gurudumu lililo mbali zaidi na pedali, la nyuma kushoto, malizia la mbele kulia. Msaidizi wa kukanyaga pedali mchague anayesikia anachoambiwa.

Injini ya Toyota sikukatazi milele. Watu wanaweka, na zinatembea. Ila gia boksi hiyo ilizoea injini ya sentimita za ujazo 2286 yenye nguvu za farasi kama 70, ukimfungia jirani mwenye misuli atavunja kitu nyuma yake. Na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, ukibadilisha injini uende TRA kubadilisha na kadi. Tena hapo hapo: kadi bila shaka bado ni ya jina la babu. Familia imteue msimamizi wa mirathi mahakamani kabla hujazamisha mshahara wako humo. Binamu ambaye leo anakuita mwendawazimu atalikumbuka gari siku litakapowaka. Linganisha pia namba ya chesisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa mbele kulia, kwenye sikio la springi. Isugue kwa brashi ya waya, grenda usiipeleke hapo.

Rangi? Iweke darini. Tutaongea mwakani.

*

Salamu Fundi. Niko Mombasa. Niliambiwa bodi ya Land Rover ni alumini na haishiki kutu. Yangu rangi inatuna kuzunguka riveti, na nikikwangua natoa unga mweupe kama chokaa. Nimeuziwa bandia?

Mpwani

Hujauziwa bandia, ndugu yangu. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita, alumini ikawa inapatikana kuliko chuma. Wakaifanya bodi, lakini fremu na bolti zikabaki chuma. Ukiunganisha metali hizo mbili na katikati ukaweka hewa ya chumvi, umetengeneza betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga ndio mabaki yake. Toboa riveti, tenganisha vipande, sugua hadi alumini ing'ae, paka praima maalumu ya alumini (ya chuma itabanduka), na kabla ya kufunga upya weka utepe wa raba katikati ili visigusane. Kisha ioshe gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini. Na wewe usiegeshe pale feri.

*

Shikamoo Fundi. Naandika kutoka Moshi. Mume wangu anatengeneza Land Rover pikapu. Nilivumilia gia boksi jikoni. Juzi nimemkuta sebuleni anasugua kabureta kwa msasa juu ya kioo cha meza yangu, anasema ndivyo inavyofanywa. Naomba uniambie ukweli.

Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Ukweli hautakufurahisha. Kabureta ya Zenith iliyoko kwenye hizo injini inafungwa kwa vipande, na miaka mingi ya joto na ya kukazwa kupita kiasi inavipinda. Petroli inapenya pale inapokutana, gari linatoa moshi mweusi, linakunywa kama harusi na halitulii saileni, yaani likiunguruma limesimama. Dawa ni kusugua uso wake kwa msasa wa maji, laini, uliolazwa kwenye kitu kilichonyooka kabisa, mkono ukizunguka kama namba nane, hadi mwanga usipite ukiweka rula. Katika nyumba za watu kitu kilichonyooka kuliko vyote ni kioo. Akikumbuka kubadilisha na ile ringi ndogo ya raba ya ndani, gari litatulia.

Lakini vipande vya kioo vinauzwa dukani, na alijua. Mdai meza mpya. Na gia boksi itoke jikoni leo.