Kabla Hujawaita Wampondo Waxhosa: Ushauri kwa Anayekwenda Lusikisiki

Nilipofika Lusikisiki kufundisha, katika nchi ya Wampondo, mkoa wa Rasi ya Mashariki nchini Afrika Kusini, nilimwambia bibi mwenye nyumba niliyopanga kwamba nimefurahi kuja kuishi na Waxhosa. Hakukasirika. Aliendelea kuchambua maharagwe yake, kisha akaniuliza kama mimi ni Mkenya. Nikakana haraka haraka, nikasema mimi ni Mtanzania, tena Mchaga wa Marangu. Akacheka: "Basi umeelewa."

Kosa hilo lina chanzo. Darasani watoto husomeshwa Kixhosa sanifu, na vitabu vingi huwaweka Wampondo chini ya jina la Waxhosa, ilhali nyumbani wanazungumza isiMpondo, kama mtoto wa Pemba anavyokiacha Kipemba mlangoni mwa shule. Kwa mapokeo yao wenyewe, Mpondo alikuwa mwana wa Njanya na pacha wa Mpondomise, ambaye uzao wake ni watu wa jirani. Kwa hiyo ukitaka kumjua mtu, muulize isiduko, yaani jina la ukoo ambalo ndilo la heshima na la kusifia. Mjukuu wa bibi yule alipoleta ndoo ya maji, hakushukuriwa kwa jina la shuleni. Aliambiwa "Nyawuza, Faku, Thahla", majina ya wakubwa wa ukoo yakifuatana bila kupumua, na kijana akasimama wima mpaka yakaisha. Nami nilipoulizwa nilitaja jina langu la mwisho, ambalo kwetu Wachaga ndilo la ukoo, na tangu siku hiyo bibi hakuniita tena mwalimu.

Jina la Faku utalisikia kila mahali, hivyo jifunze habari zake kabla hujafunga safari. Alikuwa mfalme wa Wampondo tangu takriban mwaka 1818 hadi 1867. Majeshi ya Shaka, mfalme wa Wazulu, yalipovamia katika miaka ya 1820 na kuswaga mifugo, aliwahamishia watu wake magharibi ya mto Mzimvubu, wakashika jembe na kulima nafaka hadi walipojipatia ng'ombe tena, na mwaka 1844 akawekeana mkataba na Waingereza wa Koloni la Rasi. Mwanawe Ndamase alianzisha himaya ya Nyandeni magharibi ya mto, huku nyumba kuu, ya mrithi wake Mqikela, ikibaki Qawukeni, upande wa mashariki. Mgawanyiko huo ungali hai: ukiwa Libode, upande wa Nyandeni, usimsifu mfalme wa Qawukeni kana kwamba ni wa wote. Mimi nilifanya hivyo, tena msibani.

Nchi yao ilitwaliwa na Koloni la Rasi mwaka 1894, baada ya majirani zao wote kumezwa. Kodi ikafuata, kisha sotoka ya mwaka 1897 ikafyeka ng'ombe, na hapo ndipo ulipopata nguvu utaratibu waliouita "joyini inkomo": kijana alikabidhiwa ng'ombe kwanza, akaenda kuwalipia kwa miezi ya kazi mgodini. Ukikuta nyumba ambazo wanaume wake wanakumbukwa zaidi kwa barua na fedha walizotuma, huko ndiko mambo yalikoanzia.

Tenga siku nzima kwa kilima cha Ngquza. Tarehe 6 Juni 1960 watu walikusanyika hapo kupinga kodi, mipango ya kugawa upya ardhi na Mamlaka za Kibantu, yaani mfumo wa serikali ya ubaguzi wa rangi wa kuwatawala Waafrika kupitia machifu, ambazo chifu mkuu wa Wampondo Botha Sigcau aliziunga mkono, na polisi wakawaua watu 11. Harakati yenyewe iliitwa "Intaba", yaani mlima, kwa kuwa mikutano ilifanyika juu milimani. Usipige picha kabla ya kusalimia wenyeji.

Kuhusu jando, nyamaza mpaka uambiwe. Inasimuliwa kwamba Faku aliipiga marufuku tohara; imerudi, na katika kambi zisizo halali vijana wengi wamefariki. Si jambo la kuchokonolewa na mgeni.

La mwisho ndilo nililochelewa zaidi kulijua: nenda na hadithi ya kwenu. Kwa miezi mitatu nilimhoji mzee mmoja wa jirani kuhusu mwaka 1960, naye akanijibu kwa sentensi fupi fupi za adabu. Jioni moja, nikiwa nimechoka kuuliza, nilimsimulia jinsi Wameru wa kwetu Tanzania walivyofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 na jinsi Japhet Kirilo alivyosafiri mwaka uliofuata hadi Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi hiyo. Mzee alizima redio. Aliniuliza nani alimlipia nauli, nikamwambia wenzake walichanga. Akawaita wajukuu waje waketi, akaanza kutusimulia usiku ambao baba yake alipanda mlimani akiwa na blanketi moja.